Baba anataka kuuza maksai aninunulie mashine kubwa ya kuchomelea, mimi naitaka ndogo

Mama Scholastika, shikamoo. Nakuandikia ili unisaidie kabla mnada mwingine haujafika, maana huu uliopita Mungu ametuvusha na sijui kama atatuvusha tena. Mimi ni binti wa Misigiri, huku Iramba, kazi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na tafadhali mama yangu jina langu usilitoe gazetini kwa sababu baba yangu anajulikana sana na hapendi mambo ya nyumbani yatoke nje.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Nilipomaliza shule sikupata pa kuendelea, baba akanipeleka Singida mjini kwa fundi Melkizedeki anayetengeneza mageti na grili za madirisha, nikajifunza pale mpaka nikaiva, cheche zimeniunguza mikono yote lakini geti nikilisimamisha linasimama, na huku nyuma watu wa kwetu walimcheka sana baba, wakasema mtoto wa kike unampeleka kwenye vyuma, si ungemnunulia cherehani ukapumzika, na mimi najua zile kejeli zilimwingia. Sasa nimerudi nyumbani kwa sababu huku plau na mikokoteni vinavunjika kila msimu na fundi yuko mbali, watu wanafunga plau kwenye pikipiki kama mgonjwa wanaipeleka kuchomelewa, nikaona riziki yangu iko hapa hapa. Kilichobaki ni mashine. Sijawahi kuwa na mashine yangu, hii itakuwa ya kwanza, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Unajua desturi yetu, baada ya ibada watu wanatoka nje, sadaka zinanadiwa pale uwanjani, maboga, vitunguu, alizeti, kuku, kila mtu anapandisha bei kwa ajili ya kanisa na utani ni mwingi. Baba alikuwa ameshinda jogoo, amembana kwapani, mzee mmoja akamtania mbele za watu akasema, "Wewe binti yako ni fundi gani hana hata mashine, atachomelea kwa mate?" Watu wakaangua kicheko. Baba akasimama katikati ya uwanja, jogoo anapiga kelele, na yeye akapaza sauti kumzidi jogoo, "Namuuza Jeshi! Namnunulia mwanangu mashine kubwa, siku akiiwasha taa za Misigiri nzima zitafifia!" Makofi, vigelegele, mchungaji akasema Amina na sisi wote tukaitika Amina, na mimi pia niliitika, mama, kwa mdomo wangu huu huu.

Jeshi ni maksai wetu. Tunao wawili wa kulimia, Jeshi na Polisi, walifundishwa nira pamoja na hawajawahi kulima na ng'ombe mwingine, Jeshi anatembea kwenye mfereji na Polisi anatembea juu kwenye ardhi ambayo haijalimwa, ukiwabadilisha wanagoma, na mwaka ule Jeshi alipoumia mguu tulijaribu kumfunga Polisi na maksai wa jirani, akalala chini na nira shingoni mpaka tukamfungua. Ukimuuza Jeshi umeuza plau nzima. Mvua zikianza itabidi tusubiri ng'ombe wa kukodi, na mwenye ng'ombe anakuja kwako akishamaliza kwake, unapanda umechelewa, na mwaka wa kuchelewa kupanda huku kwetu unaujua mama, ni mwaka wa kununua chakula na kununua kwenyewe wengine wote wananunua.

Labda utashangaa kwa nini baba anataka taa zififie. Huku kwetu ndivyo fundi anavyopimwa. Wote waliotangulia wanatumia zile mashine kubwa za kusukwa, sanduku la chuma lenye koili ndani ambalo wanaume wanalinyanyua wakiguna, akigusisha tu kijiti cha kuchomelea kwenye chuma basi balbu za majirani zinakuwa nyekundu na redio zinakoroma, watu wanatazamana wanasema ehee, fundi ameanza kazi. Mashine isiyosumbua jirani wanaona ni ya kuchezea. Mimi nimezitumia zote kwa fundi Melkizedeki, kubwa na ile ndogo inayoitwa inverta, ambayo unaivaa begani kwa mkanda, na ukweli wa Mungu moyo wangu uko kwa ndogo, kijiti kinawaka kwa upole hakigandigandi kwenye chuma, naweza kuifunga kwenye baiskeli nikaenda mpaka kwa mwenye mkokoteni nikachomelea nyumbani kwake kama ana umeme. Na kitu kingine, sisi tuna umeme wa njia moja na nyumba yetu ndiyo ya mwisho kwenye laini, katikati yupo Mzee Naftali mwenye mashine ya kusaga na ya kukamua alizeti, akiwasha yeye balbu yetu inakuwa njano kama kiini cha yai. Sasa hiyo mashine kubwa itakula umeme gani? Nikiwasha mimi atasimama yeye, akiwasha yeye nitasimama mimi, tutagombana mpaka tufikishane kwa mtendaji.

Lakini hata hiyo ndogo sina uhakika nayo, ndiyo maana nakuuliza. Kuna fundi mmoja mjini aliniambia inverta ni mashine ya wanawake, ikila vumbi kidogo inakufa, na vumbi huku kwetu ndilo mwenyeji. Halafu binamu yangu Calist aliyeko Arusha ananitumia video kila siku, ananiambia achana na mambo ya vijiti, nunua ile inayotoa waya na mtungi wa gesi, kazi inatoka safi utadhani imechorwa. Kichwa changu kimejaa.

Basi siku ya mnada ikafika na mimi sijasema neno. Baba akasema twende, wewe ndiye mwenye mashine, umswage kwa nyuma. Nikamswaga Jeshi njia nzima, mama mzazi alibaki mlangoni hata safari njema hakusema, na Polisi alikuwa analia zizini mpaka tulipopita shuleni ndipo tukaacha kumsikia.

Pale mnadani wakaja wanunuzi. Wa kwanza akamshika Jeshi nundu, akampapasa mbavu, akataja bei nzuri tu, hata mimi nilijua ni nzuri. Baba akamwambia, "Ndugu yangu sikufichi, huyu anakohoa usiku." Mama, Jeshi hajawahi kukohoa tangu azaliwe! Wa pili alipokuja baba akamwambia huyu kwato zake mbovu, akipita penye mawe anachechemea. Wa tatu alikuwa mtu wa Kintinku aliyetaka maksai wa kulimia, siyo wa kuchinja, akatoa bei kupita wote, baba akamuuliza, "Wewe kwako unawapiga ng'ombe?" Yule mtu akajibu kwa ukweli tu, mara moja moja wakizidi ukaidi. Baba akasema, "Basi hatuelewani." Mimi nimesimama pembeni nimeshika fimbo, nimechanganyikiwa, nasema moyoni jamani baba yangu amezeeka, biashara imemtoka, na sikuthubutu hata kumgusa bega.

Jioni tukarudi na Jeshi wetu. Na hapa ndipo naona aibu kukuandikia, mama, kwa sababu nilifurahi. Baba wa watu amezunguka juani siku nzima kwa ajili yangu, hakupata kitu, na mimi mtoto wake nilifurahi, nikawa namkwaruza Jeshi mgongoni njia nzima kama mwendawazimu. Na baba naye mbele anaimba pambio, na tangu siku ya mavuno nilikuwa sijamsikia akiimba. Mama alipotuona tunakuja watatu alijifunika uso kwa kanga, akacheka, akaingia ndani haraka, akamchinja yule jogoo wa mavuno, tukala kama sikukuu na hakuna aliyetaja neno mashine. Watu wamepeleka ng'ombe mnadani wamerudi naye na nyumba nzima inashangilia utadhani tumeozesha! Lakini asubuhi yake baba akasema bila kunitazama, "Mnada ujao tutajaribu tena. Neno la kanisani ni neno."

Sasa nifanye nini mama yangu? Akiba niliyoiweka nikiwa kwa fundi, nikiuza na alizeti yangu, inakaribia kabisa kununua inverta nzuri, Jeshi hana sababu ya kuguswa hata unyoya. Lakini nitamwambiaje baba kwamba mashine aliyoniahidi mbele ya kanisa zima siitaki? Mtoto gani anamkatalia baba yake zawadi? Watasema nimemdhalilisha, ndio hao hao waliosema aninunulie cherehani. Na nikichagua ndogo halafu ikafa, si nitakuwa nimemwaibisha mara mbili? Nichukue mashine ipi, na nimwambie vipi? Nimenyamaza tangu mavuno na mnada ujao unakaribia.

Ni mimi binti wa Misigiri.

MAMA SCHOLASTIKA ANAJIBU

Marahaba binti yangu. Kwanza niache nicheke. Umeniomba nifiche jina lako kisha ukaijaza barua jina la ng'ombe! Wewe Misigiri wanaweza kukusahau, maksai watamsahau? Wasomaji wangu, Jeshi siyo jina lake, wala Polisi siyo la mwenzake, nimewabatiza upya mimi mwenyewe, na mwenye mashine ya kusaga pia. Lakini tusidanganyane, habari ya mzee aliyefukuza wanunuzi mnadani itatambulika tu. Kwa hiyo ukilisoma gazeti hili kabla ya baba yako, usikawie, ongea naye kabla hajalisoma.

Sasa nisikilize. Una jicho la kuona chuma kinavyoyeyuka, lakini baba yako umemtazama siku nzima na hukumwona. Mtu anayetaka kuuza ng'ombe anasema ng'ombe wake anakohoa? Wewe binti! Mimi nimezaliwa kwa wafugaji, nimesikia mtu akinadi ng'ombe kilema akasema anatembea kwa maringo. Baba yako hajazeeka, wala biashara haijamtoka. Alikwenda mnadani kufanya kazi moja ngumu sana, kazi ya kutomuuza Jeshi, na akaifanya kwa ufundi ambao sijawahi kuusikia. Yule wa Kintinku nusura amshinde, maana alikuja na bei nzuri na nia nzuri, ikabidi mzee amtafutie kosa kwenye tabia.

Hukujiuliza kwa nini aliimba? Hukujiuliza mama yako alimchinja jogoo kwa ajili ya nini, kumshangilia mume aliyeshindwa biashara? Pale kwenye mavuno baba yako alipandwa na uchungu. Alikuwa amekaa na kejeli za watu miaka yote uliyokuwa mjini, siku hiyo zikamfika shingoni, mdomo ukatangulia mbele ya akili, akajifunga kamba mbele ya kanisa kwa sababu anajivunia wewe. Tangu siku ile anatafuta mtu wa kumfungua. Hawezi kujifungua mwenyewe, wataona amerudi nyuma. Mama yako hawezi, wataona mke ndiye kamzuia. Umebaki wewe, na wewe umesimama na fimbo unamswaga ng'ombe.

Shusha pumzi basi. Nyumbani kwenu hakuna ugomvi. Kuna watu watatu wanaotaka jambo lile lile, kila mmoja anamwogopa mwenzake asimuumize. Laiti nyumba zote zinazoniandikia zingekuwa na shida ya namna hii, ningefunga ukurasa huu nikafuge kuku. Na ile furaha unayoionea aibu, iache hiyo aibu. Ulifurahi kwa sababu mlipona.

Lakini sikuachi hivi hivi. Kunyamaza kwako umekuita adabu, na mimi nakataa. Kumpinga baba uwanjani mbele za watu, hiyo ni kukosa adabu, ulifanya vizuri kuitika Amina. Ila mavuno yalikwisha, mkarudi nyumbani, siku zikapita, mkala ugali pamoja asubuhi na jioni, na ukamwacha mzee atoke na ng'ombe asiyetaka kumuuza aende kutafuta mashine usiyoitaka. Huo ni woga mwanangu. Adabu ingekuwa kumwambia ukweli mapema, kwa sauti ya chini, ili asiaibike. Na usinitajie habari ya watu watasema nini. Waliosema cherehani bado wanasema, na wewe tayari ni fundi.

Tuje kwenye mashine. Mimi nimeolewa na fundi wa kuchomelea. Nimefua ovaroli zenye matundu ya cheche mpaka nimezoea, na nimemkanda macho mume mzima analia kama mtoto kwa sababu alijifanya kuchomelea kidogo tu bila kioo. Barua yako nimemsomea yeye. Majibu yake nimeyapunguza, maana akianza habari za mashine chai inapoa.

Nunua inverta. Kwa umeme wenu na kazi uliyoitaja, hilo halina mjadala. Ile kubwa ya kusukwa ni mashine ya heshima, inavumilia mateso, na ikiungua fundi anaisuka upya, lakini inataka umeme wa kutosha na wewe uko mwisho wa laini nyuma ya mkamuaji wa alizeti. Ungeiweka uani ikawa meza ya kuanikia vyombo. Na hayo mambo ya taa kufifia mume wangu amecheka mpaka akakohoa. Anasema taa ya jirani ikififia maana yake umeme haukutoshi, na mshono wako nao unakuwa dhaifu. Kwa hiyo mnampima fundi kwa ubovu wa laini.

Ila usikurupuke dukani. Kwanza mwite fundi umeme aje na kipimo chake apime kwenye soketi yenu wakati Mzee Naftali anakamua, siyo wakati amefunga ameenda msibani. Hapo ndipo utajua umeme wako wa kweli. Ukiwa unashuka sana, tafuta inverta iliyoandikwa kibandikoni kwamba inavumilia umeme mdogo, zipo, umuulize muuzaji akuonyeshe kwa kidole. Nenda pia ukaongee na Mzee Naftali mwenyewe, mpangiane saa zenu. Huyo siyo adui, plau zake nazo zitavunjika.

Ukifika dukani, ile namba kubwa ya nguvu iliyochorwa usoni mwa mashine usiiamini. Wengine wanaandika namba za kujipendekeza. Wewe ni fundi, sema naomba niiwashe. Beba vyuma vyako na vijiti vyako, vyembamba geji kumi na mbili na vinene geji kumi, umalize kijiti kinene kimoja, uweke kingine, na kingine. Mashine ikizima kabla hujatoka jasho, mshukuru muuzaji uondoke. Akikataa usiiwashe, mshukuru vilevile uondoke. Tazama feni inazunguka, shika nyaya zake uone unene, na kibanio cha kushika chuma kiwe kizito, siyo kama cha kuanikia nguo. Na uliza nani anaifungua ikiharibika. Duka lisilo na fundi wa kuifungua, hata wakupe na soda, usinunue.

Vumbi, huyo aliyekuambia hakukudanganya. Inverta inavuta hewa ijipoze, na ikivuta unga wa chuma unaotoka kwenye grainda, imekufa. Kwa hiyo grainda upande mmoja, mashine upande mwingine, juu ya kiti, siyo chini. Ukimaliza siku uifunike. Kila baada ya muda ipulize ndani kwa pampu ya hewa kavu. Ikizima yenyewe kwa joto usichomoe waya, iache feni izunguke, itarudi. Hayo ya mashine ya wanawake, mwambie chuma cha plau hakiulizi kimechomelewa na nani, kinauliza kimeshika au hakijashika. Na kwa sababu plau ni chuma kinene, usikivamie kwa pupa. Kisage pembeni upate mteremko, uchomelee tabaka juu ya tabaka, ugonge gamba linaloganda juu kila mara. Ulifundishwa, najua, lakini mume wangu amesisitiza niandike.

Calist mwambie asante sana. Mashine ya mtungi ni nzuri ndani ya karakana yenye kuta nne. Ile gesi kazi yake ni kufunika chuma kinapoyeyuka ili hewa isikiguse. Sasa upepo wa Singida huu unaong'oa mabati, gesi utaiacha? Utapata mshono wenye vitundu kama mkate. Kijiti kina unga wake kinaojifunika nao, ndiyo maana kimetuvumilia huku. Siku ukijenga karakana yako yenye milango, tutaongea tena habari za mtungi.

Pesa itakayobaki usiende kununua rangi ya kibao. Nunua kinyago chenye kioo kizuri, glavu za ngozi, viatu vya kufunika mguu. Macho hayana spea, binti. Soketi ya kupigia pasi usiiguse kwa kazi hii, vutiwa waya mnene wa peke yake, na ethi, waya wa ardhini, izikwe chini kisawasawa.

Sasa baba yako. Kanisani aliahidi mashine, na mashine utakuwa nayo. Ukubwa na taa vilikuwa chumvi ya mnada wa mavuno, hakuna mchungaji atakayemdai taa. Lakini usiende kuinunua peke yako ukarudi nayo begani kama mtu aliyejikomboa. Mshike mkono mwende wote dukani, avae koti lake, aulize maswali yake, aibebe mwenyewe mpaka kwenye basi. Mwombe akujengee banda, ukuta upande upepo unakotoka, hiyo ndiyo kazi ambayo wewe huiwezi na yeye anaiweza. Akitaka kuongezea pesa, auze mbuzi. Mbuzi hafungwi nira. Na plau ya kwanza kuchomelewa kwenye mashine hiyo iwe ya mtu aliyetania mate, umfanyie bure, tena vizuri mpaka aone haya.

Usiongee naye mezani mbele ya watu, wala usimtume shangazi, jambo hili ni lako. Mfuate asubuhi zizini akiwa anafungua ng'ombe, mikono yake ina kazi, hapo mwanaume anasikiliza. Usianze na habari za koili na umeme, hizo zitafuata. Usimwambie umegundua alichokifanya mnadani, wala usitabasamu. Usimwambie unamhurumia, hakuna baba anayetaka huruma ya mtoto wake. Mwombe tu, kama ulivyokuwa unamwomba vitu ulipokuwa mdogo. Mwambie, "Shikamoo baba. Naomba Jeshi abaki." Kisha funga mdomo wako, umwache yeye ndiye akukubalie.